Theluji ya Aprili Colorado: mwongozo kamili wa kupanda usiku na kushuka kabla mteremko haujawa uji

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni lilelile. Mtu anafika maegesho ya chini ya Quandary Peak, karibu na Breckenridge, saa moja asubuhi. Kioo cha gari kimeota barafu, vidole vinauma. Anajiambia: usiku kumeganda, twende. Saa sita mchana anashuka kwenye mteremko unaommeza hadi magotini, huku mabonge ya theluji yakibingirika pembeni yake, na anashangaa jinsi hali ilivyogeuka ghafla. Haikugeuka ghafla. Huko juu theluji haikuganda tangu usiku. Baridi aliyoipima ilikuwa ya bondeni.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja, Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, kwenye milima ya Colorado inayofikika kutoka Denver: Berthoud Pass, Loveland Pass, Quandary na majirani zao. Unamfaa anayekwenda kwa miguu, kwa viatu vipana vya theluji au kwa ski. Hauwezi kuwa badala ya kozi ya maporomoko ya theluji ya daraja la kwanza, ambayo huchukua siku tatu na hufundishwa theluji ikiwa miguuni.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa kumi alfajiri ndiyo 4:00 kwenye simu yako. Kubalianeni na wenzako mapema mnatumia saa ipi, maana kikundi chenye watu wa asili tofauti kinaweza kupishana saa sita nzima kwa neno moja tu.

## Vifaa

Kila mtu kwenye kikundi, bila kubakiza, awe na vitatu hivi:

- Transiva, yaani kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ili aliyefukiwa na theluji apatikane, ya antena tatu, ya masafa ya kHz 457. Weka betri mpya za alkali. Zile za kuchaji hushuka ghafla bila kuonya, kwa hiyo usizitumie isipokuwa kitabu cha kifaa kinaruhusu.
- Ufito wa kukunjwa wa kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, usiopungua sentimita 240.
- Beleshi la aluminiamu lenye mpini unaorefuka. La plastiki liache nyumbani: theluji iliyoporomoka ikitulia huwa ngumu kama saruji, na plastiki huvunjika pigo la tatu.

Transiva bila beleshi ni sawa na kujua mwenzako yuko wapi huku ukishindwa kumfikia.

Vingine:

- Kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya kiatu, na shoka la barafu. Vile vyuma vya minyororo vinavyovalishwa juu ya kiatu vinatosha njiani msituni. Kwenye mteremko mkali ulioganda huteleza.
- Kipimapembe, au simu yenye programu ya kupima mwinuko.
- Ramani yenye rangi za ukali wa mteremko, iliyopakuliwa kwenye simu kabla hujaondoka mjini.
- Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mabondeni.
- Taa ya kichwani, kofia ngumu, miwani ya jua yenye ngao za pembeni na mafuta ya jua. Kwenye urefu huo jua linalorudi kutoka kwenye theluji huunguza hata chini ya kidevu na ndani ya pua.

## Hatua ya 1: Soma taarifa ya hatari mara mbili

Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo kinachofupishwa CAIC, hutoa taarifa bila malipo. Isome jioni unapopanga, kisha uisome tena kabla ya kutoka nyumbani.

Hatari hupimwa kwa ngazi tano: 1 ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 ya kupindukia. Watu huiogopa ya 4 na kuidharau ya 3 kwa kuwa iko katikati. Ngazi ya 3 haina maana ya "nusu salama". Maana yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kabisa kuliangusha poromoko kwa uzito wake.

Usiishie kwenye nambari. Tafuta mambo matatu: ni aina gani ya poromoko, liko upande gani wa mlima, na kwa urefu gani. Majira haya nambari ya asubuhi na ya mchana zinaweza kutofautiana siku hiyohiyo, kwa hiyo maelezo yaliyo chini ya nambari ndiyo yenye kazi. Kagua pia tarehe. Taarifa ya juzi haikuhusu.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mwenzako kwa sentensi mbili hatari ya kesho ni ipi na inakaa wapi.

## Hatua ya 2: Hakikisha theluji yenyewe iliganda usiku

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tusiharakishe.

Theluji ya wakati huu huyeyuka mchana na kuganda usiku. Ikiganda vizuri hutengeneza ukoko mgumu juu, kama ukoko wa wali chini ya sufuria ila huu umegeuzwa, na ukoko huo hushikilia kila kitu kilicho chini yake. Jua likiutafuna, maji huanza kushuka kati ya chembe na kuzilegeza. Kwa hiyo swali la kila safari ni hili: ukoko upo, na utadumu hadi saa ngapi?

Usipime kwenye maegesho. Usiku mtulivu, hewa baridi huwa nzito na huzama bondeni kama maji. Unaweza kusimama garini kwenye baridi kali, ilhali mita 300 juu yako hewa ina joto kuliko hapo ulipo. Soma vipimo vya vituo vya juu. Vile vya SNOTEL, mtandao wa serikali ya Marekani wa kupima theluji milimani, hutoa joto la kila saa, na kile cha Berthoud Summit kiko kwenye mita 3,400 hivi. Vipimo vya Marekani huja kwa Fahrenheit: 32 ndiyo sifuri ya Selsiasi, na 25 ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri.

Angalia mawingu kuliko kipimajoto. Anga ikiwa safi, theluji hutoa joto lake moja kwa moja kwenda angani, na uso wake unaweza kuganda hata hewa ikiwa nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Mawingu mazito ni blanketi: hulirudisha joto lile chini, na theluji hulala ikiwa chapachapa hata kipimajoto kikisoma sifuri kamili. Usiku mmoja wa mawingu unaweza kufuta mpango mzima.

Namna ya kuamua:

- Anga safi, na kituo cha juu kikasoma nyuzi 3 au zaidi chini ya sifuri kwa sehemu kubwa ya usiku: tarajia ukoko mzuri. Endelea na mpango.
- Anga ya vipande, joto likichezacheza kwenye sifuri: ukoko utakuwa mwembamba. Punguza saa mbili kwenye muda wako wa mwisho, au chagua njia ya mteremko mdogo.
- Mawingu usiku kucha, joto juu ya sifuri: miteremko mikali iache.
- Usiku wa pili au wa tatu mfululizo bila kuganda: si suala la theluji ya juu tena.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Theluji ya Colorado ni kavu na nyembamba mwanzoni mwa baridi, na karibu na ardhi huwa chengachenga kama sukari. Chenga hizo hukaa miezi bila kushikana. Maji ya kuyeyuka yakizifikia kwa mara ya kwanza, bamba zima la theluji iliyoshikana lililo juu yake linaweza kuteleza mpaka kwenye majani. Ndiyo maana joto kubwa la kwanza la mwaka ni baya kuliko joto kama hilohilo mwezi mmoja baadaye, wakati maji yameshapata mifereji yake ya kupita.

Kuna pia vumbi. Upepo wa majira haya hubeba vumbi jekundu kutoka majangwa ya kusini-magharibi na kulimwaga juu ya theluji. Theluji yenye rangi ya matofali hunyonya jua na kuyeyuka kwa kasi kuliko nyeupe. Ukiona wekundu, songeza ratiba yako iwe mapema zaidi.

Onyo kuhusu theluji mpya. Aprili huku ni mwezi wa dhoruba pia. Zikianguka sentimita 20 au 30, sahau kwa muda habari za ukoko. Umerudi kwenye kanuni za baridi, yaani mabamba makavu yaliyosukwa na upepo. Tarehe 20 Aprili 2013, watu watano walikufa Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, kwa bamba lililokatika kwenye tabaka dhaifu la chini kabisa. Kalenda ilisema machipuko. Theluji ilikuwa bado ya baridi. Na jua la kwanza likiipiga theluji mpya, hulegea na kumiminika kabla ya adhuhuri.

Umefaulu ikiwa una jibu la ndiyo au hapana lenye ushahidi wa kituo cha juu na wa anga. Ukijikuta unasema "nadhani iliganda", jibu ni hapana.

## Hatua ya 3: Chagua mteremko kwa nyuzi na kwa upande wa jua

Maporomoko mengi huanza kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya 30 ni nadra yaanzie hapo, lakini yakianzia juu yako yatakufikia. Kwa hiyo pima unapokanyaga, kisha inua macho upime kilichoning'inia.

Kwa simu: laza fimbo ya kutembelea juu ya theluji ikielekea chini, weka ubavu wa simu juu ya fimbo, soma. Jicho hudanganya, hasa kwa aliyechoka.

Jua huanza na upande wa mashariki, mara tu linapochomoza, huku mwishoni mwa Aprili kama saa kumi na mbili na robo. Kusini hufuata, na magharibi huiva alasiri. Hadi Mei, kaskazini inaweza kubaki kavu kama Januari. Wengi hukimbilia kaskazini kwa kuwa theluji yake ni nzuri, kumbe wamekimbia hatari ya maji na kuingia ya mabamba.

Kisha jiulize: poromoko likinibeba hapa, litanipeleka wapi? Korongo, mto, mwamba, miti. Theluji yenye maji haikimbii kama ile kavu ya unga, lakini ni nzito mno. Poromoko dogo lisilofika kiunoni linaweza kukusukuma kwenye genge na kumaliza kazi bila kukufukia.

## Hatua ya 4: Panga ratiba kutoka mwisho kwenda mwanzo

Usianze na saa ya kuondoka. Anza na saa ambayo lazima uwe umetoka kwenye mteremko, kisha rudi nyuma.

Chukua njia ya kawaida ya Quandary, ya ukingo wa mashariki. Kilele kina mita 4,348, kupanda ni kama mita 1,050, na kwenda na kurudi ni kilomita 11 hivi. Tuseme usiku uliganda vizuri:

- Ukingo unapigwa na jua tangu alfajiri, hivyo saa ya mwisho ya kuanza kushuka kutoka juu ni saa tatu asubuhi.
- Mtu mzima mwenye mzigo hupanda mita 300 kwa saa: muda wa saa tatu na nusu.
- Ongeza nusu saa ya kuvaa kramponi, kunywa na kupumua. Jumla ni muda wa saa nne.
- Ongeza saa moja ya akiba.
- Ondoka saa kumi alfajiri.

Anayeshuka kwa ski kupitia Cristo Couloir, korongo kali la upande wa kusini, anaweza kusubiri kidogo uso ulainike, lakini afike juu mapema na aongozwe na theluji, asiongozwe na hamu.

Waliopanda Kibo wataitambua hesabu hii. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro huwatoa wageni kambini karibu na saa sita usiku, na mojawapo ya sababu ni kwamba changarawe iliyoganda hukanyagika, ikiyeyuka huteleza.

Saa ya kugeuza ikifika, mnageuza. Hata kilele kikiwa mita 50 juu yenu. Iandikeni kwenye simu ya kila mmoja na kengele yake.

## Hatua ya 5: Kagua transiva kwenye maegesho

Dakika tano, kila safari:

1. Kila mtu awashe na kusoma betri. Ikiwa chini ya nusu, badilisha.
2. Mmoja asimame mbele akiwa kwenye kupokea. Wengine wapite mbele yake mmojammoja wakiwa kwenye kutuma. Kila mmoja asikike.
3. Yeye ageuze kwenye kutuma, na mwingine amhakiki.
4. Transiva ivaliwe chini ya koti. Simu na kamera zikae sentimita 20 mbali nayo, na sentimita 50 wakati wa kutafuta. Soksi na jaketi za umeme pia huvuruga.

Mwenye transiva iliyokufa harudi nyuma peke yake; safari yote ndiyo inayobadilika.

## Hatua ya 6: Isome theluji kwa kiatu

Kila dakika 15 au 20, na kila mara mteremko unapogeukia upande mwingine, toka nje ya njia iliyokanyagwa na ukanyage theluji mpya.

- Kiatu hakizami: ukoko umeshika. Hatari ya sasa ni kuteleza. Vaa kramponi kabla hujazihitaji, si katikati ya mteremko ukiwa umesimama kwa kisigino kimoja.
- Sentimita 1 hadi 3 za juu zimelainika, chini kugumu: huu ndio wakati mzuri wa kushuka. Hudumu saa moja, pengine mbili.
- Unazama hadi kifundo cha mguu: ondoka kwenye mteremko mkali, sasa.
- Unazama hadi muundi wa mguu au goti: umeshachelewa. Tafuta njia ya mteremko mdogo au ya ukingo, hata ikiwa ndefu mara mbili.

Finyanga bonge kwa mkono. Likikamatika vizuri, maji yameanza kazi. Yakichuruzika ukilikamua, mteremko ule si wa kukanyaga.

Tazama pia vibonge vinavyobingirika vyenyewe chini ya miamba. Miamba huota jua kabla ya kila kitu, na theluji iliyoizunguka huachia kwanza. Usipumzike chini ya mwamba ulioangaziwa, hata kama ndipo penye kivuli cha kuliia mkate.

Vibaraza vya theluji. Upepo hujenga kibaraza kinachoning'inia nje ya ukingo, na ukiwa juu yake huwezi kujua kwamba chini ni hewa. Kikikatika hukatikia nyuma zaidi ya unavyodhani, mara nyingi mita kadhaa ndani ya upande unaoonekana imara. Tembea upande unaotoka upepo, ambako miamba au majani yanaonekana, na usiende kuchungulia.

Kuvuka mteremko mkali: mmojammoja, wengine wakiwa wamesimama mahali salama na macho yao kwake. Aliyevuka asimame pembeni kabisa, asisubiri katikati kumpiga mwenzake picha.

Ukisikia mshindo mzito chini ya miguu kama gunia limetupwa, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya kiatu, tabaka la chini limevunjika. Rudini kwa njia mliyokujia.

## Hatua ya 7: Likitokea

Aliyenaswa: piga kelele, jitahidi kutoka kwa pembeni, achia fimbo. Theluji ikianza kupungua kasi, leta mkono mbele ya uso utengeneze nafasi ya kupumua. Ikisimama hutaweza tena kusogeza hata kidole.

Waliobaki: msikimbie. Tazameni mahali alipoonekana mara ya mwisho na mpakariri. Kagueni kama poromoko la pili linaweza kuja. Kisha:

1. Mmoja apige 911, namba ya dharura, au atumie setilaiti. Ukiwa peke yako, tuma ujumbe ikiwa ni wa sekunde chache, kisha tafuta. Usishuke kwenda kuita watu. Uokoaji milimani huratibiwa na sherifu wa kaunti na kufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea wasiotoza. Hofu ya bili isikucheleweshe.
2. Wote wageuze transiva kwenye kutafuta. Inayosahaulika kwenye kutuma hupoteza dakika zote za mwanzo.
3. Pita juu ya poromoko kwa mistari iliyopishana mita 40, ukitazama pia glavu, kofia au fimbo.
4. Ukipata mawimbi, fuata mshale. Kwenye mita 10 punguza mwendo. Kwenye mita 3 inama, telezesha kifaa juu ya theluji kwa umbo la msalaba, utie alama penye nambari ndogo kabisa.
5. Choma ufito kwa pembe mraba na uso wa mteremko, kwa mzunguko unaopanuka, tundu hadi tundu sentimita 25. Ukigonga kitu laini chenye kudunda, uache hapohapo.
6. Chimba kuanzia upande wa chini wa ufito, kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina. Usisimame juu ya kichwa chake. Badilishaneni mbele kila dakika, wa nyuma wakisukuma theluji itoke.
7. Fikia uso kwanza. Safisha mdomo na pua, achilia kifua, kisha mengine.

Dakika 10 za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa ya kumtoa akiwa hai; baada ya hapo nafasi hushuka vibaya, na theluji yenye maji haina hewa ya kutosha kumvumilia. Fanyeni zoezi hili bustanini au uani kwa transiva iliyofichwa ndani ya mfuko, mpaka kumpata aliyefichwa kuchukue chini ya dakika nne.

## Hatua ya 8: Kushuka na baada yake

Shukeni kwa mpangilio uleule wa mmojammoja. Uchovu wa kushuka hufanya watu wajikusanye na wapige soga katikati ya mteremko. Transiva izimwe mkiwa garini, si mkiwa mnaliona gari.

Kabla ya kuondoka andika mambo manne: urefu, upande wa mlima, saa ambayo kiatu kilianza kuzama, na anga ilikuwaje usiku. CAIC hupokea taarifa kama hizo kutoka kwa watu wa kawaida, na sentensi tatu zinatosha. Ukirudi wiki ijayo kwenye mteremko uleule, saa uliyoiandika itakuwa imesogea mapema zaidi.